Saa Iliyomwangusha Baba

Baba yangu hajawahi kuanguka. Ukimuuliza hata leo atakwambia hivyo. Siku ile mnadani alikuwa amesimama katikati ya ng'ombe, akibishana na mnunuzi kuhusu umri wa dume, na mara watu wakamkuta chini, kofia kule, fimbo huku. Yeye anasema alikaa.

"Nilikaa haraka," alinieleza kwenye simu. "Mtu akichoka si anakaa?"

Mama akamnyang'anya simu. "Alikaa kwa uso," akasema, kisha akamrudishia.

Wazazi wangu wanaishi Machochwe, karibu kabisa na mpaka wa hifadhi, mahali ambapo tembo wanajua njia ya shamba letu la mahindi kuliko ninavyoijua mimi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Tarime mjini, nimepanga Nyamisangura. Mdogo wangu wa kike ni muuguzi Mugumu. Ndiye aliyempeleka baba kupimwa baada ya kile kikao chake cha mnadani, akakutwa na presha. Akapewa vidonge na kuambiwa avimeze kila siku, awe anapita zahanati kupimwa, na apunguze chumvi.

Vidonge akavimeza siku mbili, akajisikia vizuri, akaviweka darini pamoja na dawa ya minyoo ya ng'ombe. Zahanati alikwenda mara moja tu.

"Yule kijana wa zahanati ananiambia mimi nipunguze chumvi," alilalamika. "Mimi niliyekula chumvi nyingi hivi! Chumvi niliyokula inamzidi umri."

Dada akanipigia. "Kaka, huyu mzee hatakwenda kupimwa. Tumnunulie saa janja, ile ya kuvaa mkononi inayopima mapigo. Wewe uko karibu na maduka, halafu Sirari hapo si mbali. Tafuta."

Nikakubali haraka, maana nilidhani kununua saa ni kununua saa.

Duka la kwanza lilikuwa hapa hapa Nyamisangura. Muuzaji alinitolea saa inayong'aa kama kioo cha pikipiki mpya. "Mwalimu, hii inapima kila kitu. Mapigo, presha, sukari, usingizi, hasira."

"Hasira?"

"Ukikasirika inakwambia."

Nikafikiri kwamba nyumbani kwetu hatukuwahi kuhitaji mashine ya kutujulisha baba amekasirika. Lakini nikaivaa, ikanipa namba, zikanipendeza. Nikampigia dada kumpa habari njema. Akasema, "Hebu ivue, uifunge kwenye kitu kisicho na uhai."

Juu ya kaunta kulikuwa na chupa ya chai ya muuzaji. Tukaivalisha saa. Taa ya kijani ikawakawaka, saa ikatafakari, na hatimaye ikatangaza kwamba chupa ya chai ina mapigo mazuri na presha ya kijana anayecheza mpira. Mimi na muuzaji tukaitazama chupa kwa heshima.

"Labda ni kwa sababu chai bado ya moto," akasema.

Tukaivalisha mguu wa meza. Meza ikaonekana ina presha ya kupanda. Nikamshauri aipunguzie mizigo.

Dada hakucheka. Alinieleza taratibu, kama anavyowaeleza wagonjwa wake, kwamba nisiiamini saa inayodai kupima presha bila kuubana mkono. Presha tutampima kwa mashine yenyewe, ile ya kufunga juu ya kiwiko inayojaa upepo, na hiyo atainunua yeye. Saa niichague kwa mambo matatu tu: isome mapigo ya kweli, itambue mtu akianguka, na iweze kutupigia simu yenyewe, kwa sababu simu ya baba hukaa nyumbani juu ya kabati, imefunikwa kitambaa.

Kabla ya kwenda Sirari nikaona ni adabu kumuuliza mvaaji.

"Shikamoo, baba. Unataka saa ya namna gani?"

"Marahaba, mura, kijana wangu. Isiwe ya kike. Isiwe ya kuomba chaji kila jioni kama simu yenu. Nikinawa baada ya kukamua isife. Na namba ziwe kubwa, mimi sisomi mchwa."

"Kingine?"

Akafikiri. "Iwe inaonyesha saa."

Nilicheka, lakini nilipofika madukani nikaona mzee alikuwa na hoja. Saa zile zilionyesha hali ya hewa ya miji nisiyoijua, zilionyesha maua na vipepeo, na saa yenyewe imebanwa pembeni kama abiria asiye na tiketi.

Sirari nilimkuta kijana mmoja anauza saa, redio na magodoro katika duka moja. Mpakani pale Kiswahili huvuka bila pasipoti, na yeye aliongea cha upande wa pili. "Mwalimu, chukua hii. Hii iko na mahali pa laini. Mzee akianguka tu, inapigia watoto wote. Haina mchezo."

Saa yenyewe ilikuwa nyeusi, nene, ina mkanda wa mpira, kitufe kimoja kikubwa ubavuni na namba za kusomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Tuliijaribu kwenye godoro, ikasema haioni mtu. Tukaijaribu kwenye redio, ikakataa. Nikaanza kuipenda.

"Sasa nionyeshe inavyotambua kuanguka," nikasema.

Kijana akaivaa, akajitupa juu ya magodoro. Saa kimya. Akajitupa tena kwa ubavu, akitoa na sauti ya maumivu. Kimya. Wateja wakaanza kukusanyika. Akapanda juu ya kiti, akanitazama kama mtu anayeaga, akajiachia. Akakosa godoro. Saa ikatetemeka, ikalia, ikaanza kupiga simu.

"Umeona?" akasema kutoka sakafuni. "Lakini mwambie mzee akianguka aanguke vizuri."

Nikainunua. Nilimwonea huruma pia.

Jumamosi iliyofuata nikaipeleka Machochwe, dada akaja kutoka Mugumu na mashine yake ya presha ndani ya mkoba. Baba aliishika ile saa, akaipima uzito, akainusa.

"Kwa hiyo mnanifunga kengele," akasema, "kama dume linaloongoza kundi."

"Au ng'ombe anayepotea," akasema mama, huku anapembua mtama.

Baba akaivaa kwenye mkono wa kulia. Dada akamwambia inavaliwa kushoto. Akajibu kwamba mkono wa kushoto si wa kuwaonyeshea watu kitu cha thamani, na mjadala ukaishia hapo.

Shida ya kwanza ikatokea dakika hiyo hiyo. Ilikuwa saa nne asubuhi, na saa ikaandika kumi.

"Hii mbovu," baba akasema.

Nikamweleza kwamba inahesabu kizungu, kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo atoe sita. Akanikazia macho. Akasema saa yake ya zamani, iliyoliwa na mbuzi mkanda, haikuwahi kumpa hesabu za kutoa. Basi nikaketi nikaichokonoa. Saa ilikataa kusogezwa kwa mkono, ilitaka tu kujua mvaaji anaishi nchi gani. Nikaanza kujaribu nchi moja baada ya nyingine hadi nikapata inayotupa saa nne kamili. Ilikuwa Brazili. Baba akaridhika sana. Ndivyo tulivyomhamishia baba Brazili akiwa ameketi barazani kwake Machochwe.

Hatukufikiria kwamba saa ingeamini.

Baada ya wiki dada akanipigia akiwa na wasiwasi. Taarifa za saa zilikuwa zinamfikia kwenye simu yake. "Kaka, baba halali usiku. Inaonyesha anaamka usiku wa manane, anatembea sana hadi alfajiri, halafu analala mchana kutwa. Mama amesema lolote? Anakwenda wapi?"

Nikaanza kupata mawazo mabaya juu ya mzee wangu, hadi nilipokumbuka. Anapoamka alfajiri kukamua, Brazili ni usiku wa manane. Akienda kulala baada ya ugali, Brazili ni mchana jua kali. Kwa saa ile baba alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku. Na siku tembo walipoingia kwenye mahindi, akawakimbiza pamoja na majirani wakigonga madebe, ilimwandikia pongezi kwa kufanya mazoezi. Baadaye aliniuliza maana ya picha ya kikombe cha dhahabu iliyotokea kwenye saa. Nikamwambia ameshinda. "Hawakula hata nusu ekari," akajibu, kama mtu aliyestahili.

Shida ya pili ilikuwa ugoro. Baba hunusa ugoro, na chafya yake hutikisa mwili mzima na mkono wa kulia kwenda nao. Saa ikaona huyu ameanguka. Humtetemekea kwanza kumuuliza kama yuko salama, na asipobonyeza kitufe hupiga simu. Baba hakubonyeza. Alisema hawezi kujibu swali la kitu alichokinunua mwanawe. Hivyo nikiwa darasani nafundisha hesabu za sehemu, simu ilikuwa inaita, nami napokea mbio, na kwenye sikio nasikia: "Chyaaa! Chyaaa! ... Ee Mungu wangu, mzuri huu." Darasa zima likaizoea. Simu ikiita walikuwa wananiuliza, "Mwalimu, ni chafya?"

Siku moja simu iliita, na haikuwa chafya.

Kwa kuwa sikuwepo, ninaeleza kama nilivyokuja kuelezwa. Dume la baba lilikuwa limevunja uzio wa jirani yake, mzee mwenzake wa rika moja, likamkanyaga beberu wa jirani. Wazee wakakutana barazani kwetu kuamua. Maneno yakapanda. Baba alipoambiwa dume lake halina adabu, akanyanyua fimbo akaipiga chini kwa nguvu zake zote. Saa ikashtuka, ikatetemeka, ikamsubiri. Yeye alikuwa na mambo ya maana ya kusema. Ikapiga simu.

Nilipopokea nikasikia kelele za wanaume wengi. Kisha sauti ya jirani, naijua vizuri, ikasema kwa uchungu, "Amekufa! Nimemwona mwenyewe, amelala pale miguu juu."

Mwingine akasema, "Basi tuache ugomvi, mwenzetu. Ameshakufa. Haturudishi."

Mtandao ukakatika.

Nilisimama mbele ya darasa na chaki mkononi. Mtoto wa mbele akauliza kama ni chafya. Mwalimu mkuu aliponiona uso hakusubiri maelezo, akaniruhusu na kuniombea hapo hapo mlangoni. Nikapiga simu ya baba, ikaita juu ya kabati bila kupokelewa, nikampigia dada. Na yeye saa ilikuwa imempigia, akasikia kipande chake. Alichosikia yeye kilikuwa, "Tumchune leo leo," jambo ambalo, alinieleza baadaye, lilimchanganya, lakini alikuwa tayari analia na hakulifikiria. Alikuwa ameshampigia shangazi.

Shangazi yetu wa Machochwe ana sauti ambayo haihitaji simu. Kabla mimi sijavuka Mto Mara, Machochwe yote ilikuwa inajua kwamba mzee ameanguka barazani akigombania beberu, na hakuinuka.

Nilifika mchana, nimepakizwa kwenye bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi. Njiani kuelekea nyumbani nikawapita watu. Wanawake wamebeba kuni na unga, wanaume wamebeba turubai. Mmoja akaniona akaanza kulia upya, na mimi nikaitikia kwa kilio changu mwenyewe juu ya pikipiki, dereva akanisaidia kidogo. Tukaingia uani hivyo.

Baba alikuwa amesimama barazani, amevaa kofia yake, anapokea watu.

"Karibuni, karibuni. Poleni na safari," alikuwa anasema. Alidhani wamekuja kwenye kesi ya beberu, akashangaa tu kwamba kesi imekuwa kubwa. Kisha akaona machozi. "Lakini nani amekufa?"

Wanaume wakaweka turubai chini. Mwishowe mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani akasema, "Wewe."

"Mimi?"

"Ndivyo tulivyosikia."

Baba akageuka kwa mama, aliyekuwa mlangoni na upawa. "Mbona hukuniambia?"

Mimi nilishuka kwenye pikipiki. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimekaa chini, haraka, kama yeye mnadani. Nikamshika mguu. Ulikuwa wa moto, una kinyesi cha ng'ombe, na sikuwahi kuushika mguu wa baba yangu kabla ya hapo.

"Inuka, mura," akasema kwa sauti ya chini. "Watu wanatazama."

Ungedhani watu wangeondoka. Lakini wamekuja na unga, wamekuja na kuni, na beberu alikuwa ameshachunwa. Kurudi na kuni kichwani ni aibu. Wakabaki. Sufuria zikainjikwa, turubai likafungwa kwa kuwa limeshabebwa.

Kisha jirani, mwenye beberu, akaomba kusema. Alikuwa amekwenda kwake kulipeleka dume letu nje ya uzio, na njiani alikutana na waombolezaji waliomwambia kwamba mzee mwenzake amekufa kwa sababu ya maneno yake. Alirudi mbio akilia kwa nguvu kuliko mtu yeyote. Alipomkuta mzima tayari alikuwa na maneno mengi mdomoni, hakuweza kuyameza. Akasimama akasema kwamba huyu ni mtu waliyechunga naye utotoni, mtu aliyempa maziwa mwaka wa njaa, mtu mkarimu.

"Endelea," baba akasema kutoka kwenye kiti chake. "Hapo kwenye ukarimu."

Jirani akaendelea. Baada ya hotuba ile ingekuwa vigumu sana kumdai mtu beberu, na hakumdai. Baba naye, kwa kuwa amesifiwa ukarimu mbele ya watu wote hao, ikabidi atoe mbuzi jike mwenye mimba. Wazee wakasema kesi imekwisha. Mama alinong'ona kwamba ni msiba wa bei nafuu kuliko yote aliyowahi kuhudhuria.

Dada alifika nyama ikiwa inaiva. Hakumsalimia mtu. Alipita katikati ya watu na macho mekundu, akamkalisha baba, akamfunga ile mashine juu ya kiwiko, akaiwasha. Watu wakasogea karibu, tukasikia upepo ukiingia.

Akasoma namba. "Baba, hii si nzuri. Vidonge viko wapi?"

"Mimi nimefufuka leo," baba akasema. "Unategemea iweje?"

Lakini jirani alikuwa ameshasogea, amekunja mkono wa shati. "Nipime na mimi." Dada akampima. Presha yake ilikuwa nzuri kabisa. Dada akamwambia hivyo kwa sauti, na hapo ndipo nilipoona uso wa baba ukibadilika. Alikuwa amevumilia kufa mchana ule. Kushindwa na jirani hakukuvumilika.

"Yeye anafanya nini?" akauliza.

"Ninakwenda zahanati," jirani akasema kwa unyenyekevu wa kuudhi. "Ninameza vidonge vyangu. Chumvi nimepunguza."

Wazee wengine wakapanga mstari. Dada akawapima wote pale barazani hadi mkanda wa mashine ukachoka kujaa. Watatu aliwaambia waende zahanati kesho yake bila kukosa. Mmoja wao hakuwahi kujua kwamba ana tatizo lolote. Kichwa kilikuwa kinamuuma kwa miezi, akawa anamlaumu mke wake. Dada alimwandikia karatasi ya kupeleka zahanati, akamshika mkono, akamrudia maneno mara mbili mpaka akaitikia.

Baba aliingia ndani. Tukasikia akisogeza vitu darini. Akatoka na vidonge, akavimeza mbele ya jirani bila maji.

"Baba, hiyo ya mwisho ni ya minyoo ya ng'ombe?" dada akauliza.

Haikuwa. Tulikagua mara mbili.

Sasa mambo yametulia. Saa imehamia mkono wa kushoto, baada ya baba mwenyewe kuona kwamba wa kulia unaua. Dada aliipunguzia saa wepesi wa kushtuka, chafya haziniiti tena, na darasani mwangu wanazikumbuka kwa huzuni. Baba anakwenda zahanati pamoja na jirani, wanaongozana na njiani wanabishana nani atapata namba nzuri. Yule kijana wa zahanati sasa anaitwa daktari. Chumvi bado anaiba kidogo, mama anasema, ila anaiba kwa kificho, na hiyo nayo ni maendeleo.

Saa bado inaamini baba anaishi Brazili. Amegundua pia kwamba akibonyeza kile kitufe kwa muda anaweza kunipigia mwenyewe kutoka malishoni, na hufanya hivyo asubuhi, mkono mdomoni, akipiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Mara nyingi hana neno. Ananieleza ng'ombe gani amezaa, mvua iko upande gani, kisha anasahau kukata, nami naendelea kusikia kengele za ng'ombe na yeye akiwasemesha.

Mwezi uliopita nilimuuliza mama kama na yeye tumtafutie saa kama ile.

"Ya kazi gani?"

"Ukianguka itujulishe."

Alifikiri huku anachambua mboga. "Mimi nikianguka," akasema, "baba yenu atakosa chakula. Mtamsikia huko huko Tarime."

Kisha akaniuliza kama nimekula.